Kumpiga picha mwanamuziki katikati ya Kariakoo: maswali ninayoulizwa kila mara

Picha yenyewe wengi mmeiona: mzee ameinamia gitaa la umeme, taya limegusa mbao, macho ameyafumba, na nyuma yake kuna lundo la viatu vya mtumba na mkono wa muuzaji ulioshika kipaza sauti. Tangu ianze kuzunguka kwenye simu za watu, hazipiti siku mbili sijaulizwa jambo juu yake, na maswali mengi yanajirudia. Nimeyakusanya hapa. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yana mengi ndani yake. Mengine, kusema kweli, hayana.

Mzee huyu ni nani?

Ni mpiga gitaa la rizimu. Jina aliniomba nisiliandike: "Wanaonijua watanijua kwa mkono." Nimeheshimu hilo, na humu namwita Mzee tu, kama nilivyomwita siku zote.

Alianza dansi miaka ya sabini, enzi bendi zilipokuwa mali ya mashirika na taasisi. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikawa Juwata, ikawa OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Mlimani Park, wale wa Sikinde, walianza 1978 na baadaye wakalelewa na DDC, Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Kulikuwa na Vijana Jazz, Bima Lee, Polisi Jazz. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, na vyombo vilikuwa vya mwajiri. Kwa hiyo mtu aliweza kupiga gitaa miaka 20 bila kumiliki hata waya wake mmoja. Gitaa mnaloliona pichani alilinunua mwenyewe baada ya bendi yake kuvunjika, na analibeba ndani ya mfuko alioshonewa na fundi wa viti vya magari, ngozi bandia nyeusi, mshono wa nyuzi nyekundu.

Jambo jingine la kujua ni hili: mpiga rizimu hasimami mbele. Mbele ni waimbaji, pembeni yao ni solo, na kwenye chemko, sehemu ya wimbo inayokwenda mbio, wacheza shoo wanaziba kila kitu. Rizimu yuko nyuma karibu na ngoma, anakata nyuzi zilezile dakika 10 bila kupumzika ili wengine wapate pa kusimama. Mzee ana picha za jukwaani, lakini katika zote yeye ni bega, au kofia, au nusu ya gitaa. Binti yake, ambaye ni muuguzi mikoani, ndiye aliyenitafuta. Baba yake alikuwa anatimiza miaka 70 na hakuwa na picha hata moja akiwa peke yake na gitaa.

Kwa nini Kariakoo? Si mngeenda ufukweni au studio?

Coco Beach imeshapigwa picha na kila mwimbaji mwenye miwani ya jua. Studio nilipendekeza mimi, kwa uvivu. Aliyekataa ni Mzee mwenyewe.

Alitaka nyumba aliyopanga alipofika Dar kijana. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya kawaida, vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma, na uani ndiko walikofanyia mazoezi ya sauti mchana kabla ya kwenda ukumbini. Kariakoo yote ilikuwa hivyo. Jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mkoloni alipoupanga mji aliweka Waafrika upande huu na kuacha uwanja wa Mnazi Mmoja utenganishe na Uhindini. Ndani ya mitaa hiyo ndimo vilimokaa vilabu vya dansi, vyama vya taarabu, timu za mpira, na TANU ikazaliwa humohumo, mtaa unaoitwa Lumumba leo, Julai 1954.

Tulipofika, nyumba haikuwapo. Pana ghorofa la vioo, chini maduka ya mapazia na vifuniko vya simu, na mbele yake kwenye kibaraza vijana wamemwaga viatu. Mzee alisimama pale muda mrefu. Halafu akaonyesha kwa kidole duka la mapazia: "Pale palikuwa na mwembe."

Ningekuwa na akili siku ile ningempiga picha akionyesha ule mwembe usiokuwapo. Sikupiga. Nilikuwa natafuta nyumba.

Ni kweli mlikwenda mara mbili?

Kweli, na ya kwanza niliiharibu mimi. Nilipanga Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikijisifu kwamba maduka mengi yamefungwa, magari machache, mwanga laini. Nikasahau kwamba bendi za dansi zinapiga Jumamosi usiku. Mzee aliteremka jukwaani saa nane, akafika kwake karibu saa kumi alfajiri. Mimi nilimsubiri hadi saa tatu. Alikuja amevaa suti ya kijivu, macho mekundu, akaomba radhi mara tatu, na kila alipoomba radhi ndivyo nilivyozidi kuona haya, kwa sababu kosa si lake. Usimpangie mwanamuziki asubuhi. Muulize kwanza analala saa ngapi.

Jua lilikuwa limeshapanda. Tukaenda mjini kwenye Sanamu ya Askari, ile ya shaba iliyosimama katika mzunguko wa Samora tangu 1927, nikampiga picha amesimama wima kama yeye ndiye askari. Picha za adabu tu. Tukaagana tukakubaliana Jumanne, saa tisa alasiri. Ikumbukeni hiyo picha ya sanamu, nitairudia.

Mlikuwa na vibali?

Jibu refu, samahani, kwa sababu hapa ndipo vijana wengi wanapopata shida.

Sikuanza na kamera, nilianza na miguu. Siku mbili kabla nilikwenda ofisi ya serikali ya mtaa, nikajitambulisha, nikasema tutakuwa wawili na msaidizi mmoja, kamera moja, hakuna jenereta, hakuna kufunga njia, saa mbili tu. Mwenyekiti alitaka kujua kama ni tangazo la biashara. Nikamwambia ni baba wa mtu anatimiza miaka 70. Akanielekeza kwa mjumbe wa eneo lile, na mjumbe ndiye aliyekuwa na faida kuliko karatasi yoyote, maana wenye biashara wote pale wanamjua. Ukija na kundi la watu 15, taa na gari la kifahari, hesabu yako ni nyingine na utaulizwa vibali vya halmashauri na zaidi.

Kuna mahali ambapo usijaribu hata kwa mzaha: bandari, kambi za jeshi, vituo vya polisi, Ikulu ya Magogoni na maeneo mengine yanayolindwa. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 inahusika hapo, na askari wa zamu hatakusikiliza ukimweleza uzuri wa mwanga wa jioni. Magogoni panadanganya sana: unaona pantoni, unaona maji, unainua kamera, na nyuma ya fremu yako umeingiza usichoruhusiwa. Droni nayo ina kibali chake, kupitia Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kukipata hakuchukui siku moja.

Pamoja na yote hayo, mlinzi wa jengo moja alitufuata akitaka nifute picha kwa kuwa vioo vyao vinaonekana. Nilikuwa na barua, nilikuwa na jina la mjumbe. Hakutaka. Mzee akaniambia, "Binti yangu, huyu anafanya kazi yake kama wewe. Tusogee." Tukasogea hatua kumi. Hatua hizo kumi ndizo zilizotufikisha mbele ya muuza viatu.

Ulitumia kamera gani?

Kamera yangu ya zamani, ina mikwaruzo, na mpira wa kushikia umebanduka. Lenzi mbili, milimita 35 na milimita 85. Picha mnayoiulizia ni ya 35, maana yake nilikuwa karibu naye kiasi cha kunusa mafuta ya nywele. Lenzi ndefu Kariakoo inakupa uso wa mtu na ukungu wa rangi nyuma. Ukiitumia tu, ulikwenda Kariakoo kufanya nini?

Swali hili naulizwa kuliko yote na ndilo lenye faida ndogo kuliko yote.

Mwanga wa Dar ni mkali. Ulifanyaje bila flashi?

Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Tulipiga mwanzoni mwa Oktoba, siku ambazo saa sita mchana jua linakaa utosini kabisa, kivuli chako unakikanyaga. Hali hiyo hurudi tena mwanzoni mwa Machi. Mwanga wa namna hiyo unachimba mashimo chini ya nyusi, na mtu akivaa kofia ya pama kama Mzee, macho yanapotea kabisa. Flashi ingeyaokoa macho, lakini ingeita umati, na uso ungeng'aa jasho.

Kitu kinachoisaidia Kariakoo ya leo ni yaleyale maghorofa yaliyoimeza nyumba ya Mzee. Kuanzia saa tisa hivi upande mmoja wa mtaa unaingia kivulini, na vioo vya upande wa pili vinarudisha mwanga laini, uliopoa, kama mtu ameshika shuka jeupe. Nilikwenda siku moja kabla nikasimama pale na simu mkononi, nikapiga kila nusu saa kuanzia saa nane, nikaona mwenyewe kwamba saa tisa na nusu hadi saa kumi na robo ndio muda wake. Baada ya hapo jengo la pili linaziba.

Jihadhari na maturubai. Wafanyabiashara wanatandaza maturubai ya bluu juu ya meza zao, na chini yake kila uso unakuwa wa maiti. Hata ukisahihisha kwenye kompyuta, unatoa bluu usoni unaiharibu shati. Turubai la rangi ya chungwa lina madhara madogo kidogo, lakini nalo linamfanya mtu aonekane amekaa jikoni kwenye moto. Tafuta ukuta mweupe, mlango wa duka uliofunguliwa, au sakafu ya saruji iliyopigwa na jua. Hiyo sakafu inarusha mwanga juu usoni, chini ya kofia, mahali hasa unapouhitaji. Mzee alisimama kivulini, lakini mita moja mbele yake kulikuwa na kipande cha saruji chenye jua. Macho yake yanaonekana kwa ajili ya kipande hicho.

Kisha ngozi. Kamera ukiiachia iamue, ikiona ukuta mweupe nyuma ya mtu mweusi inashtuka, inapunguza mwanga, na mtu wako anageuka kivuli chenye meno. Pima mwanga kwenye shavu lake, ukuta uache uende zake. Na usiung'arishe uso baadaye mpaka awe rangi ya chai ya maziwa. Nimeona wenzangu wakiwafanyia hivyo wanamuziki, na wanamuziki wakifurahi, lakini mimi sitaki.

Jioni, msitegemee muda mrefu. Kwetu jua halitelezi, linadondoka. Likishazama una kama dakika 20 za mwanga wa kutumika, halafu ni taa za maduka.

Watu hawakuwasumbua?

Watu ndio wenye mahali. Sisi ndio tuliowasumbua.

Ukiinua kamera Kariakoo, unayasikia haya kwa mpangilio uleule: "Ni nani huyo?" "Wa bongo muvi?" "Nipige na mimi!" "Hela yetu iko wapi?" Kijana mmoja aliniambia nimelipwa na Wazungu. Mwingine alisimama nyuma ya Mzee, akanyoosha vidole viwili, hakuondoka. Nilimpiga picha yake, tatu, nzuri kabisa, nikamwonyesha, akaondoka ameridhika. Inachukua nusu dakika na ni nafuu kuliko kugombana.

Mwenye haki ya kulalamika alikuwa muuza viatu, maana tulimzibia wateja. Nikanunua jozi moja. Ni namba 41, mimi navaa 38, na bado ziko kabatini. Alipoona hela akatuachia nafasi, ila jambo moja alikataa. Ana kile kipaza sauti kinachorudia sauti aliyoirekodi, "elfu tano, elfu tano, chagua elfu tano," bila kituo. Nilimwomba akizime dakika tano tu. "Dada, hii nikiizima ninakula nini?" Hapo hapana la kujibu.

Waliosimama tu kutazama sikuwalazimisha waondoke. Waliokaa ndani ya fremu kiasi cha kutambulika niliwauliza, na mmoja aliyekataa nilimtoa kwa kusogea. Tangu itungwe Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, sura ya mtu si kitu cha kuchezea, ingawa mimi ningeuliza hata kama sheria isingekuwapo.

Gitaa la umeme mtaani, bila amplifaya. Alikuwa anapiga kweli au anaigiza?

Hapa ndipo picha ilipo.

Nilimwambia Mzee ashike tu gitaa, vidole vikae kwenye kodi yoyote, yaani mpangilio wowote wa noti. Akanitazama kama nimemwambia avue viatu msikitini kisha aingie navyo. "Kodi yoyote ni kodi gani?" Mpiga picha anadhani mikono ni pambo. Mpiga gitaa mwenzake akiiona ile picha atasoma vidole kama unavyosoma maandishi, na akikuta vidole vinasema upuuzi, atacheka. Kwa hiyo akaamua kupiga kitu cha kweli. Na ili apige kitu cha kweli, ilibidi kwanza atyuni, kwa sababu jua lilikuwa limelegeza nyuzi njiani.

Sasa tyuni gitaa la umeme, lisilo na tumbo, lisilo na spika, katikati ya "elfu tano, elfu tano", honi za bajaji, na mkokoteni unaopita ukipiga kelele "mguu, mguu!" Haisikiki hata noti moja. Nilifikiri atakata tamaa. Nikaona nafasi ya kubadili betri, nikainamia mkoba.

Nilipoinua kichwa, Mzee alikuwa ameliinua gitaa, ameegemeza taya lake kwenye pembe ya juu ya mbao, macho amefumba, anakata uzi mmoja taratibu na mkono wa kushoto unazungusha ufunguo. Anasikiliza kwa mfupa. Mtetemo wa uzi unapita kwenye mbao, unaingia kwenye taya, unafika sikioni kwa ndani, kelele za nje hazina njia ya kuuzuia. Baadaye aliniambia walikuwa wakifanya hivyo ukumbini wakati bendi nyingine ingali inapiga, ili zamu yao ikifika wapande jukwaani wako tayari. "Sikio limejaa, mfupa una nafasi."

Betri niliichomeka kwa mkono unaotetemeka. Nilipata fremu tisa. Kwenye ya sita, mkono wa muuza viatu uliingia kutoka kulia na kile kipaza sauti. Ndiyo hiyo.

Nimeulizwa mara nyingi kama nilimpanga yule muuzaji. Ningepanga, ningemtoa.

Tangu siku hiyo nimebadili kazi yangu yote. Simwambii mwanamuziki asimame vipi. Namwomba anifanyie kile anachokifanya kabla hajapanda jukwaani: abadili waya, afute kinanda, apashe sauti, akaze ngozi ya ngoma kwenye moto. Mikono ikishapata kazi, uso unausahau mtaa, na mimi naweza kusogea karibu.

Mavazi nani alichagua?

Yeye. Jumapili suti ya kijivu, Jumanne kaunda suti ya kaki, pama, viatu vyeusi vilivyopigwa rangi. Mimi nilisema neno moja tu, kuhusu saa ya mkononi iliyokuwa ikirudisha mwanga, akaivua.

Wasanii wa Bongo Fleva na singeli unawapiga vivyo hivyo?

Hapana, na si kwamba ni wabaya. Msanii wa Bongo Fleva anakuja na meneja, mtu wa nywele, rafiki wa kushika simu anayerekodi jinsi unavyompiga picha, na mara nyingi gari la kuazima. Anajua upande wake mzuri wa uso. Wewe kazi yako ni kumchosha kwa upole mpaka aache kujua. Mimi hutembea nao. Kutoka Mnazi Mmoja hadi Gerezani kwa miguu, joto lile, hakuna anayeweza kubana tumbo njia nzima.

Singeli ni jambo jingine. Muziki wenyewe unakwenda zaidi ya mapigo 200 kwa dakika, na watu wake wa Manzese, Tandale na Mbagala hawakai. Ukimsimamisha mtu wa singeli ukutani umempiga picha mtu mwingine. Huko nafungua shata polepole, naacha mikono iwe ukungu, natafuta kitu kimoja tu kilichotulia, meno au jicho.

Vipi usalama wa vifaa?

Mkoba wa zamani wa shule, si begi la kamera lenye maandishi. Mkanda shingoni, daima. Usisimame ukingoni mwa barabara ukitazama skrini, kwa sababu bodaboda hupita na mkono. Msaidizi wangu ni kijana wa mtaa uleule, aliyependekezwa na mjumbe, na kazi yake haikuwa kushika taa bali kutazama mgongo wangu. Nilimlipa kabla hatujaanza.

Na mvua ya vuli ikiwakuta?

Mnaingia dukani, mnakunywa kahawa. Gitaa kwanza, kamera baadaye.

Unatoza kiasi gani, na picha ni ya nani?

Kiasi sitaji, kinategemea siku, safari na matumizi. Namna ya kutoza nitaisema: nusu kabla, nusu wakati wa kukabidhi, na karatasi moja ya Kiswahili chepesi inayosema picha zitatumika wapi. Binti wa Mzee alilipa kwa ajili ya familia. Ilipokuja hoja ya kuizungusha picha hadharani, nilirudi kwao wote wawili nikaomba ruhusa upya, ndipo Mzee akaweka sharti lake la jina.

Nimejifunza karatasi hiyo kwa maumivu. Miaka kadhaa nyuma msanii mmoja kijana alinichukua siku nzima, akalipa nauli tu, akaahidi. Nikaiona picha yangu kwenye bango la onyesho, jina langu limekatwa pamoja na pembe ya picha. Nilipompigia simu, meneja akasema nishukuru kwa kutangazwa. Kwa hiyo wadogo zangu, jueni: chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 kazi yako inalindwa tangu unapoifanya, lakini utalazimika kuonyesha kwamba ni yako. Tunza faili ghafi zote, usimpe mtu yeyote. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo kwa wanaotaka kusajili kazi au kufikisha madai.

Na upande wa pili, ninyi wanamuziki: kulipia picha si kununua kila kitu. Ulizeni mapema. Wengi wetu tutakubali.

Nina simu tu. Naweza?

Unaweza. Pima mwanga shavuni kwa kugusa skrini, usivute zumu, sogea. Yale ya mjumbe na ya salamu hayahitaji kamera kabisa.

Ulipiga ngapi, ukakabidhi ngapi?

Siku mbili, 412. Nilikabidhi 18. Zile za Jumapili karibu niziache zote, ila binti aliomba mbili za Sanamu ya Askari kwa kuwa baba alikuwa ameipigia pasi suti mwenyewe.

Mzee mwenyewe alisemaje alipoiona?

Nilimpelekea nyumbani zikiwa zimechapishwa. Nikamsalimia, akaitikia marahaba, akavaa miwani, akaziweka mezani moja moja kama karata. Ile ya taya aliishika kwa muda. Akamwita mkewe. "Njoo uone, huyu binti kanipiga nimesinzia."

Nikamweleza. Akasema anajua alikuwa anafanya nini, yeye ndiye aliyekuwa akifanya. Anachosema ni jinsi mgeni atakavyoiona. Kisha akaniuliza kwa nini nimemkata miguu.

Picha iliyotundikwa sebuleni kwake, juu ya kabati la vyombo, ndani ya fremu ya rangi ya dhahabu, ni ile ya Jumapili. Amesimama wima mbele ya Askari, suti ya kijivu, macho mekundu kidogo ukiyajua, gitaa limeshikwa kifuani. Yuko peke yake. Anaonekana mzima, toka kofia hadi viatu, na viatu vimepigwa rangi.